Ufa Usio na "Kidogo"

Kwetu Kisangani neno kidogo halina kipimo. Mgeni husema atakula kidogo, kisha anamaliza sahani yote ya pondu, kisamvu chetu, na kuulizia samaki. Mtu amelala kitandani tangu msimu uliopita, nao ndugu zake hukuambia anaumwa kidogo. Mimi mwenyewe, mama mzima, hulitumia sokoni na kanisani bila aibu, maana ni neno la adabu. Kwenye ripoti ya nyumba nililikataa, na hata leo ningelikataa.

Kazi yangu ilikuwa kukagua nyumba kabla hazijauzwa. Nilikuwa nikigonga sakafu, nikipanda darini, nikimwaga maji chooni, kisha naandika nilichokiona ili mnunuzi ajue anachonunua. Bosi wangu, mwenye ofisi, alinung'unika kila mara kwamba ripoti zangu ni ndefu mno. Vitasa vilivyolegea na rangi iliyobanduka nilikuwa tayari kumwachia avifute, kwa sababu hakuna anayekufa kwa kitasa.

Ndipo ikaja ile nyumba ya mtaa wa Kabondo. Mwuzaji alikuwa mfanyabiashara aliyetuletea kazi nyingi. Mnunuzi alikuwa mama mmoja mjane kutoka Isangi, fundi wa kushona, aliyetaka wajukuu zake walale karibu na shule. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeongezwa baadaye. Ukutani palikuwa na ufa kutoka dirishani hadi chini, na ufunguo wangu uliingia humo bila kusukumwa. Nilipogonga sakafu, ililia kama debe tupu. Jirani akanieleza kwamba hapo ndipo palipokuwa na choo cha zamani. Choo kilipoachwa, walilifunika shimo kwa mbao na udongo, wakajenga chumba juu yake.

Niliandika yote: shimo, mbao, ufa, maneno ya jirani, na kwamba mtu asilale humo. Bosi alisoma huku akitikisa kichwa. Akafuta mistari yote ya chumba kile, akaacha neno ufa peke yake, na baada yake akaongeza kidogo. Akanieleza kwa upole kwamba maelezo mengi yanatisha watu, kwamba mwuzaji hatarudi tena kwetu, na kwamba hakuna nyumba Kisangani isiyo na ufa. Hilo la mwisho ni kweli, hata kwangu upo. Lakini upole wake uliniudhi kuliko kama angenifokea. Nikamwambia akiitaka hiyo kidogo yake, atie sahihi yeye mwenyewe. Mimi sitii sahihi.

Naye hakutia. Alimwita tu yule mama ofisini ili amweleze kwa mdomo, nami nimekaa pembeni.

"Maman, kule nyuma iko fissure kidogo tu," alisema. "Bon, utapiga ciment, itaisha."

Yule mama hakumtazama. Alinitazama mimi, maana alijua ndiye niliyeikagua nyumba.

"Batoto banaweza kulala mule?" aliniuliza.

"Hapana, maman. Chini kulikuwa choo, na shimo iko wazi chini ya mbao mupaka sasa. Siku moja sakafu itaanguka na mutu juu yake."

Alinishukuru, akafunga upya kitambaa chake cha kichwani, akaondoka. Nyumba ile hakuinunua.

Bosi alingoja hadi mlio wa pikipiki iliyombeba yule mama ulipopotea. Kisha akaniambia bila kupandisha sauti, "Maman, utapumuzika kidogo."

Kidogo hiyo niliijua. Nikachukua nyundo yangu na tepu ya kupimia, maana vilikuwa mali yangu, nikatoka. Nyumbani, mume wangu alishauri tuwaambie majirani kwamba niko likizo kidogo, heshima isipotee. Alinitakia mema, najua, na hofu ya siku zijazo nilikuwa nayo, sifichi. Lakini asubuhi yake mzee wa nyumba ya pili alisimamisha baiskeli mbele ya kibaraza chetu na kuuliza mbona sijaenda kazini. Mume wangu akanikonyeza. Nikajibu kwa sauti ya kufika hadi barabarani.

"Balinifukuza kazi, tonton. Hapana kidogo. Kabisa."