Lebo Zilizoruka Kitabu Kimoja

Asubuhi niliyoanza kazi katika maktaba ya chuo kimoja huko Temeke tulikuwa wanne: Mama Mkutubi Mkuu, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, Mzee Ngonyani, bwana katalogi, Rehema wa kaunta, na mimi Zuhura, nimeshika ufagio. Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Niliachia shule kidato cha pili ili niwalee wadogo zangu, Saidi na Mwanaidi.

Baadaye nilitolewa kwenye ufagio nikapewa kupanga vitabu rafuni. Wakati huo kitabu kilitafutwa kwa kadi, katika droo ndefu za mbao ambazo Mzee Ngonyani hakupenda ziguswe na mtu mwingine.

Katikati ya miaka ya tisini zikaja kompyuta. Kila kitabu kikapewa lebo yenye mistari myeusi na namba chini yake. Siku hizi mnaita msimbo pau; sisi tuliita punda milia. Ukimulika mistari kwa kisomeo, au ukiandika namba, kompyuta inakuletea kitabu chenyewe: jina, mwandishi, rafu. Lebo zilichapwa kwa kufuata orodha ya rafu, na kuzibandika nikapewa mimi, kwa majaribio. Nikifaulu, naajiriwa, nikiharibu, narudi nyumbani kwa wadogo zangu mikono mitupu.

"Soma jina, bandika, soma tena," Mama Mkutubi alinionya. "Usikimbie."

Nilikimbia. Rafu zile nilizijua kama vyumba vya nyumba yetu. Majina ya nini? Nilianzia hisabati, na kufikia jioni nimemaliza kilimo. Lebo moja ilinibakia mkononi. Nikadhani ni ya ziada.

Kesho yake Rehema akamulika kitabu cha kuku. Kompyuta ikasema ni cha nyuki.

"Zuhura! Kuku wako wanauma!"

Tukamulika cha samaki. Kikajiita kuku.

"Niliwaambia mie," Mzee Ngonyani akasema, amefurahi kweli. "Kadi zangu hazijawahi kutuletea mambo haya."

Mama Mkutubi akatuamuru turudi nyuma, kitabu kimoja kimoja, hadi tupate kinachoitikia jina lake. Tukarudi mpaka rafu ya hisabati. Hapo ikaonekana: kitabu cha mazoezi ya kidato cha nne kimo kwenye orodha, rafuni hakimo. Lebo yake niliibandika kwenye kitabu kilichofuata, na kila cha mbele yake kikavaa lebo ya jirani yake wa nyuma.

Mimi nilijua kilipo. Kilikuwa chini ya mto wa Saidi. Watu wa majaribio hatukuruhusiwa kuazima, nikakichukua bila kusaini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba ya pili leo hii. Sema."

"Kiko kwangu, chini ya mto wa Saidi. Mdogo wangu ana mtihani."

Mama Mkutubi akacheka hadi miwani ya kichwani ikaanguka. "Ngonyani, umeona? Kadi zako zingenyamaza miaka kumi. Mashine hii siku moja tu imefika kitandani kwa Saidi!"

Halafu akaacha kucheka. "Utabandua zote, ubandike upya, ukisoma majina. Saidi aje Jumatatu nimwandikie kadi ya msomaji, mdhamini wake mimi. Na wewe, shule uliishia wapi?"

"Cha pili, Mama."

"Basi una deni langu. Wadogo zako wakimaliza, mtihani huo utaufanya na wewe."

Niliajiriwa, na kutoka rafuni nikafika usaidizi wa katalogi, hadi nilipostaafu. Saidi ni mwalimu, Mwanaidi muuguzi. Ninyi mnaoanza kazi hii, lebo ikiwabakia mkononi, msiseme ni ya ziada. Kuna kitabu kinakosekana, na kuna mtu anajua kilipo.

Nilipostaafu nikafanya mtihani ule kama mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo nilimpelekea Mama Mkutubi nyumbani kwake Kinondoni. Akavaa miwani zote mbili, akasoma somo moja moja, akasoma tena.

"Umepita yote isipokuwa hisabati."

"Hisabati bado, Mama."

"Basi bado nakudai."

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye maktaba ile, nikaandika namba ya kitabu kile cha hisabati, ambayo sijawahi kuisahau. Kompyuta ikajibu: kipo rafuni. Safari hii nimesaini. Kiko chini ya mto wangu, na deni sijalilipa.