Seremala Aliyehamishwa

Wiki iliyopita nilikuwa stendi ya Nyegezi nikisubiri basi lililochelewa, nikakiona kitabu chetu. Kilikuwa kwenye rundo la vitabu vikuukuu vilivyotandazwa juu ya gunia, kati ya kitabu cha hesabu na cha mapishi. Jalada lilikuwa lile lile: mwanamke ameshika mwavuli mbele ya duka lililofungwa. Nilikifungua kwa nyuma, nikasoma sura ya mwisho nikiwa nimesimama. Nilipomaliza nikarudia, maana haikuwa sura ninayoijua.

Ngoja nikupeleke mwaloni kwanza, kule wavuvi wanakoshusha samaki, ndipo utanielewa.

Nilikulia kwa bibi mzaa baba, kando ya ziwa. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi walirudi alfajiri na dagaa, na jua likichomoza tu wanawake walikuwa wameshawatandaza juu ya nyavu kuukuu. Kilichobaki hapo ni kuwageuza na kufukuza korongo. Dagaa hawaharakishwi. Harufu yao iliingia kwenye nywele, kwenye madaftari, hata kwenye michembe aliyochemsha bibi, vile viazi vikavu tulivyokula na karanga tukiwa tumekaa juu ya mawe yenye joto. Bibi alinichagulia vipande laini. Mimi nilikuwa mjukuu wake pekee, na hakunificha kwamba ananipendelea.

Katika kungoja huko ndiko tulikosoma. Mwalimu, jirani yetu, ndiye aliyeleta kitabu. Mimi, darasa la tano, nikapewa kazi ya kukisoma kwa sauti. Kila siku ya kuanika tulisoma sura moja, basi. Kusoma mbele peke yako kulihesabiwa kuwa wizi. Msomaji hakugeuza dagaa, lakini fungu lake lilitengwa.

Kilikuwa kitabu cha mapenzi. Mwanamke ameachwa na mumewe, amerudi mji mdogo wa kwao, amefungua duka la kushona. Mlango wa duka umeoza, anakuja seremala mjane kuutengeneza, na kila akimaliza anapata sababu ya kurudi kesho yake. Kisha mume anaandika barua, anataka kurudi.

"Mimi angenikuta na beseni la maji ya dagaa," alisema mama mmoja.

"Wewe? Wako akikohoa tu unakimbilia kuwasha moto," mwenzake akamjibu, na ufukwe mzima ukacheka.

Mama yangu hakucheka. Baba alikuwa amehamia Nyakato, kwa mwanamke aliyefanya naye kazi kiwandani. Mjomba alikuwa ameshampatia mama chumba Usagara, pale njia panda, na kumletea cherehani ya kuanzia maisha. Begi letu lilikuwa tayari, tulingoja tu siku za giza ziishe. Ila baba naye alikuwa ameanza kutuma watu wa kumwombea msamaha.

"Acha tuone kitabu kinaishaje," mama alisema siku moja, kama anatania. Bibi alikuwa pembeni anachambua dagaa. Hakuinua kichwa.

Siku ya sura ya mwisho mwalimu alikuja mwenyewe. Alisema sura hii ina maneno makubwa, akanichukulia kitabu mikononi. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kwa sentensi moja tu, seremala alipata kazi mkoa wa mbali, akaondoka. Nililia. Kisha mume akafika na mvua, mwanamke akafungua mlango, na jeraha la zamani likaanza kupona. Wanawake wakarudi kwenye dagaa wao. Mmoja akasema, "Basi, kitabu kimeshasema." Kwetu maneno yaliyopigwa chapa hayakubishiwa.

Kuna kitu nilikiona siku ile. Mwalimu alisoma muda mrefu sana bila kufunua ukurasa. Nilidhani ndivyo walimu wanavyosoma.

Mama alitoa nguo kwenye begi jioni ile ile. Baba alirudi na mkate na maneno matamu, akakaa nasi mpaka mvua zilipokatika, kisha akaondoka tena, na cherehani akaondoka nayo. Mjomba hakukanyaga tena kwetu. Mama akarudi kugeuza dagaa. Mpaka leo anawageuza.

Sasa unaelewa kwa nini nilisimama pale stendi mpaka basi likaniacha. Kwenye kitabu, mwanamke anampa mume chai barazani, anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwambia kikombe akiache hapo hapo. Mlango hafungui. Seremala hajaenda kokote.

Chuoni nilijifunza kuhoji kila kitu, magazeti, sera, hata mahubiri. Sura ile sikuwahi kuihoji. Nilikinunua kitabu, nikaenda kwa mwalimu moja kwa moja. Nilimkuta barazani anakata mchicha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekonda wewe. Huko chuoni hawapiki ugali?"

Niliweka kitabu juu ya meza. Hakukigusa.

"Kwa nini ulimhamisha seremala?"

Aliendelea kukata kidogo. "Bibi yako alikuja na kuku," alisema. "Nilimla, sikatai. Aliniambia, mkwe wangu akiondoka ataondoka na huyu mtoto, nami nitabaki na nani? Nikadhani naijenga nyumba, mwanangu."

Nilichukua kitabu, nikaondoka. Bibi alishazikwa, hana wa kumjibia. Na mimi ndiye niliyekuwa bei. Ule upendo ninaousimulia kila mahali, vile vipande laini vya michembe, ndio uliomfungia mama yangu njia. Nimejaribu kumchukia bibi siku tatu sasa na sijaweza, na hilo nalo linaniudhi.

Nilipofika nyumbani, mama alinipa habari. Baba anaumwa miguu, yule mwanamke amemtoa, ametuma mtu kuuliza kama anaweza kuja Jumapili.

"Umemjibu nini?"

"Bado. Ila hata yule wa kwenye kitabu alifungua."

Kumbe miaka yote hii alikuwa bado anaishi ndani ya sura ile. Nilimwomba akae. Tulikaa juu ya yale yale mawe. Ufukwe umebadilika: dagaa siku hizi wanaanikwa kwenye chanja za wavu zilizoinuliwa, na kina mama wanageuza huku kila mmoja ana simu yake sikioni. Hakuna anayemsomea mwenzake. Nimewahi kulisikitikia hilo mbele za watu. Siku ile sikujua tena nasikitikia nini, kwa sababu sauti iliyotukusanya ndiyo hiyo hiyo iliyotudanganya.

Nilimsomea polepole. Kila nilipofunua ukurasa niliuinua kwanza, auone. Nilipofika kwenye kikombe cha chai alinishika mkono.

"Na seremala?"

"Yupo, mama. Hakuhamishwa."

Sikumwambia habari ya kuku. Alichukua kitabu, akaweka kidole chini ya mstari, na yeye aliyeishia darasa la nne akaanza kuusoma mwenyewe, neno moja moja, mpaka kwenye nukta.