Mama Mushiya agoma kuizika Racing Malakiti

Jua la Jumamosi ndiyo kwanza linachomoza, na Charlotte Mushiya ameshafunga kamba yake kati ya vigingi viwili. Anatembea kinyumenyume, mgongo umeinama, mkono wa kulia ukitikisa kopo la maziwa lililotobolewa matundu kitakoni. Chokaa inadondoka juu ya udongo mwekundu na kuacha mstari mweupe wenye upana wa kiganja.

Kila baada ya hatua kumi anasimama. Hapumziki, anakagua. Akiona mahali mstari umeyumba, anaufuta kwa unyayo na kuuchora upya.

"Musitari ukipinda, na arbitre atapinda," anasema bila kuinua kichwa, akimaanisha mwamuzi.

Nyuma yake zimepangana nyumba za matofali za iliyokuwa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Kapata, nje kidogo ya mji wa Kolwezi. Mbele, ng'ambo ya barabara ya malori, kuna kilima cha mabaki ya machimbo ambacho kila mwaka kinasogea karibu zaidi. Katikati ni uwanja huu, ambao kwa karibu miaka thelathini umetunzwa bila mtunzaji kutumwa na mtu yeyote.

Charlotte ana umri wa miaka sitini na mitatu. Riziki yake ni mikate ya kukaanga, ile midogo ya mviringo, anayoiuza kwenye lango la shule moja huko Dilala. Siku nzuri anabakiwa na faranga elfu kumi na mbili. Mfuko wa chokaa unakula mapato ya siku mbili, na majirani wamemwambia mara nyingi kwamba anamwaga chakula chini. Huwajibu kwamba chakula ni chake na anajua anapokimwaga.

Uwanja ulikuwa wa Racing Malakiti, timu iliyoanzishwa na mafundi wa karakana ya mgodi mwaka 1958 na kuvaa kijani, rangi ya malakiti, jiwe la shaba. Kwa miaka ishirini ilicheza daraja la kwanza. Golikipa alikuwa mchomeleaji, winga wa kushoto dereva wa winchi, na siku za mechi hata zamu ya mchana ilikosa watu. Mwaka 1986, timu kubwa kutoka mji mkuu ilipofungwa hapa mabao mawili kwa moja, watu walipanda juu ya mapaa mpaka mabati matatu yakabonyea. Mume wa Charlotte, Louis Ngoyi, ndiye aliyekuwa mtunza uwanja.

Kisha ukaja mwaka 1993, mwaka ambao watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya migodi. Wachezaji saba wa kikosi cha kwanza walipanda treni na hawakurudi. Wazazi wa Charlotte, walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, walipanda treni hiyohiyo. Yeye alikataa kuondoka.

"Banasema nirudi kwetu," anakumbuka. "Mi nilizaliwa hapa Kapata. Tata, baba yangu, alimaliza nguvu yake yote mu mine. Kwetu ni wapi tena?"

Timu iliendelea kujikokota, huku karakana zikifungwa moja baada ya nyingine. Mwezi Mei 1996 Racing Malakiti iliingia uwanjani na watu tisa, ikafungwa sita bila, ikavua jezi. Hakuna aliyetoa tangazo wala kuitisha mkutano. Jumamosi iliyofuata Louis alikwenda kuchora mistari kama kawaida, akamwambia mkewe kwamba ataacha siku atakayoambiwa aache. Hakuna aliyemwambia. Alichora kwa miaka kumi na mitano mingine, akifaidisha timu za mtaa na vijana wa parokia, mpaka maradhi ya mapafu yalipomlaza mwaka 2011. Wiki moja baada ya mazishi, Charlotte alichukua kopo.

Kazi hiyo aliifanya kimya kimya hadi Julai mwaka jana.

Jumanne moja, akirudi kutoka Dilala na beseni tupu kichwani, alikuta wanaume wanne nyuma ya goli la upande wa barabara. Walikuwa wachimbaji wadogo, wenye sururu na mitalimbo, na shimo lao lilikuwa limefika kiunoni. Mmoja alimwonyesha kipande cha jiwe jeusi. Kobalti, alimwambia, iko chini ya goli na inaelekea katikati. Walitumwa na Mechack, mnunuzi wa mawe kutoka Musonoi, naye alikuwa tayari kumpa mama pikipiki mpya ili aende zake nyumbani kwa amani.

Charlotte alikwenda nyumbani kweli. Alitua beseni, akachukua kopo na kamba, akarudi. Mbele ya macho yao alichora upya eneo la adhabu, akalirefusha mpaka shimo likawa ndani ya mstari.

"Batoto yangu, sasa muko mu surface," aliwaambia. "Hapa mutu akikosa, tunapiga penalti."

Walicheka. Yeye hakucheka. Alimtumia ujumbe Antoine Kalumba, nahodha wa mwisho wa Racing Malakiti, ambaye leo ana miaka sitini na sita na hutengeneza pikipiki za teksi karibu na soko la Dilala. Kalumba anasema alidhani kuna msiba. Alifunga kibanda chake na kuja na wenzake saba wa zamani, wawili wakitembelea fimbo.

Wazo lilikuwa la Charlotte. Mtu hawezi kupiga sururu mahali ambapo watu wanacheza, aliwaambia, kwa hiyo uwanja usibaki mtupu hata saa moja ya mchana. Wazee walianza wao, nane kwa nane na vijana wa parokia. Walipochoka waliingia akina mama wa kwaya, sketi zimefungwa magotini. Baada ya masomo zilikuja timu za shule. Asubuhi ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Mpira ulipoangukia shimoni, wachimbaji waliurudisha wenyewe, kwa sababu vinginevyo wachezaji walijaa mdomoni mwa shimo wakiusubiri.

Siku ya nne Mechack alifika akifuatana na chifu wa mtaa na karatasi mkononi. Chifu aliisoma mara mbili, akasema inahusu kiwanja kingine, kule Musonoi. Mechack hakutetereka. Alisema karatasi itarekebishwa, na kwamba uwanja huu hauna mwenyewe.

"Mama, kilabu ilikufa," alimwambia Charlotte. "Mufu hana parcelle, hana kiwanja."

Ni Kalumba aliyejibu, akiwa ameketi nyasini anajikanda goti.

"Nani alisaini kama ilikufa? Leta ile karatasi, si hii."

Hakuna aliyekuwa nayo, kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Charlotte aliingia nyumbani akatoka na sanduku la mumewe, na ndani yake katiba ya timu yenye mhuri, kurasa kumi na moja zilizoliwa pembeni na mchwa. Chifu aliikagua ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe aliamua kwamba uchimbaji usiendelee mpaka jambo lijulikane, ila akamgeukia mama na kumweleza waziwazi: kama timu iko hai, aonyeshe kwamba iko hai. Alimpa misimu miwili.

Wachimbaji hawakuondoka mara moja. Walikaa kando ya shimo wakimsubiri Mechack apate karatasi nyingine, nao wachezaji waliendelea kucheza. Siku ya tisa timu ya wazee ilipungukiwa mtu mmoja. Gael, mchimbaji wa miaka ishirini na saba aliyekuja kutoka Kananga, kulekule Kasai, kutafuta maisha, alivua buti zake za mpira na kuomba kuingia.

"Mikono ilikuwa mu shimo, lakini macho yote ilikuwa ku mupila," anasema leo.

Alicheza beki wa kushoto mpaka giza likaingia. Kesho yake alilifukia shimo kwa koleo lake mwenyewe. Mmoja wa wenzake alimsaidia, wawili walimwita mjinga na kwenda zao. Gael bado anachimba kwingine ili apate kula. Jioni anafanya mazoezi hapa.

Msimu wa kwanza ulipita katika ofisi tu: orodha ya wanachama, sahihi, picha za pasipoti, safari za kwenda na kurudi. Karani mmoja alimuuliza Charlotte kama anajua umri wake. Alimjibu kwamba anaujua, akauliza kama swali hilo limo kwenye fomu. Mwezi Machi mwaka huu jina la Racing Malakiti liliandikwa tena katika ligi ya mji, daraja la chini kabisa. Kalumba ni kocha. Charlotte ni rais, na bado ndiye mchora mistari.

Mechack hajakata tamaa. Mwezi uliopita alipita na watu wenye vipimo, wakapiga picha barabarani bila kushuka kwenye gari. Charlotte aliwapungia mkono wenye chokaa.

Mechi ya kwanza itakuwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba, hapahapa. Wapinzani wana basi na jezi mbili kila mchezaji. Racing Malakiti ina wachezaji kumi na sita, wanne wakiwa wachimbaji ambao hawana hakika ya kupata ruhusa, na kipa aliyezoea kucheza kiungo. Kalumba mwenyewe anakiri kwamba anaogopa kufungwa mabao mengi.

Namuuliza Charlotte atafanya nini wakipigwa sita, kama ile siku ya mwisho. Anakung'uta kopo kwenye goti, anaangalia kama chokaa imebaki, kisha ananitazama kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi.

"Batupige," anasema. "Timu yenye ilikufa haipigwi."