Kifundo cha Shaushi

Siku yangu ya kwanza kazini hospitalini Nairobi sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Dresa Mkuu, yaani mkuu wa wafunga vidonda, mzee mkali aliyependa kaptura yake ipigwe pasi mpaka isimame yenyewe, aliniweka mbele ya karai la unga wa plasta na rundo la shashi, akaniambia nisugue. Nyinyi vijana mnaona bendeji za plasta zikitoka kwenye pakiti zikiwa tayari. Sisi tulizitengeneza kwa mikono. Tulikata shashi vipande virefu, tukausugua unga ndani yake kwa kiganja, tukaviviringisha na kuvifungia kwenye debe visipate unyevu.

Jioni nilirudi nyumbani Kibra nikiwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Baba yangu alikuwa Shaushi mstaafu, yaani sajenti, kama walivyoitwa askari wetu wa Kinubi, naye alikuwa ameshaniombea nafasi jeshini. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nilifikiri nimezaa askari," alisema. "Kumbe nimezaa fundi wa chokaa."

Majirani walicheka, na mimi nilicheka nao, lakini neno lile liliniuma sana. Niliapa moyoni kwamba kama ni chokaa, basi itakuwa chokaa ambayo Nairobi nzima haijaona.

Nilijifunza kuitumbukiza bendeji kwenye maji ya uvuguvugu na kungoja mapovu yaishe, kwa sababu mapovu yakiwapo bado unga haujanywa vya kutosha. Nilijifunza kulainisha plasta kwa kiganja, kamwe si kwa ncha za vidole. Kidole huacha kishimo, kishimo hukandamiza ngozi, na baada ya siku kadhaa mgonjwa ana kidonda asichoweza kukiona.

Lakini aliyenifungua macho ni Daktari wa Mifupa, Mwingereza mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha shambani. Alikuwa na mifupa halisi ya mguu kabatini, na wakati wa chai alitupangia mezani. Mfupa wa muundi na mwenzake mwembamba wa kando huteremka pamoja, na ncha zao ndizo vile vinundu viwili unavyovipapasa juu ya kiatu. Katikati yao umekaa mfupa wa kifundo kama ulimi wa mbao ndani ya kiungo cha seremala. Kiungo hicho cha juu hukunja mguu juu na chini. Chini yake, mfupa wa kifundo umekalia mfupa wa kisigino, na kiungo hicho cha pili ndicho kinachokuwezesha kukanyaga mteremko bila kuanguka.

"Hii mfupa ya katikati iko peke yake," alituambia. "Hakuna nyama inashika yeye. Kano tu. Ikikaa vibaya, mtu nachechemea mpaka kaburi."

Nilizunguka na elimu hiyo. Nilipelekwa Nakuru, kisha Kisumu, na niliporudi Nairobi nilikabidhiwa chumba cha plasta. Baba bado alikuwa akiniita fundi wa chokaa mbele ya wageni.

Ndipo masika yakaja, na Shaushi akateleza akimswaga ng'ombe wake kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Kinundu cha nje cha mguu wa kulia kilivunjika. Daktari aliupanga mfupa, nami nikashika vidole vya mguu wa baba yangu, nikiuweka wayo pembe mraba na muundi mpaka plasta ikaganda. Wayo ukigandia ukiwa umeinama, mtu atatembea kwa vidole. Sikuwa nimewahi kumshika baba mguu kabla ya siku ile.

Aliporudi kuangaliwa, plasta ilikuwa laini kama uji kisiginoni. Tukafunga upya. Akarudi tena, hali ileile. Daktari alikasirika, akasema mfupa umeanza kusogea na kwamba tukikosea tena atakuwa kilema. Akadhani mzee anavuka mto. Mimi nilijua mara moja: baba alikuwa akitawadha. Kila sala, alimimina birika zima juu ya plasta, kwa kuwa mguu lazima uoshwe mpaka kwenye vifundo. Nilimweleza Daktari, naye akasema jambo hilo liko nje ya vitabu vyake, niende nikaulize wanaolijua.

Tulifunga plasta ya tatu, nami nikamleta mwalimu wetu wa msikitini mpaka kitandani kwa baba. Mwalimu akaeleza kwamba mfupa uliovunjika una ruhusa yake: unapitisha mkono uliolowa juu ya kilichoufunika, basi.

"Hiyo ni bendeji," baba akabisha. "Hili ni jiwe. Afadhali nichechemee kuliko kusali bila udhu."

Mwalimu alirudia hukumu, baba akageukia ukutani. Niliogopa. Nikapiga magoti kando yake.

"Baba, mguu wa kulia ndio unaousimamisha ukiketi kwenye tahiyatu. Kifundo kikiganda kimepinda, hutaketi hivyo tena maisha yako."

Aligeuka kutoka ukutani, akautazama mguu wake. Kisha akaomba maji, akalowesha kiganja, akakipitisha juu ya plasta polepole. Plasta ile ya tatu ilikaa kavu mpaka nilipoikata mwenyewe, na baada yake nilimkunja na kumkunjua kifundo kila jioni huku akinitukana kwa Kinubi.

Ijumaa aliyorudi msikitini nilikaa safu ya nyuma yake. Mungu anisamehe, sala ile sikuisikia vizuri. Ilipofika tahiyatu nilitazama mguu wake wa kulia. Ulisimama wima, vidole vimekunjwa kuelekea kibla, kisigino juu. Machozi yalinitoka.

Sasa nimestaafu. Viganja vyangu bado ni vikavu kwa ule unga, na vijana niliowafundisha wananipita wakiwa na viatu vizuri kuliko vyangu, jambo linalonifurahisha. Wakati wa kuniaga, wakubwa walinisifu kwa maneno mengi ya heshima. Niliwashukuru, lakini sifa yangu nilikuwa nimeshaipata. Siku ile nje ya msikiti, askari wenzake wa zamani walimzunguka baba, mmoja akamuuliza ni mzungu gani aliyemponya.

"Mzungu aliupanga," Shaushi akajibu, akauinua mguu wauone. "Aliyeushika ni huyu hapa, fundi wangu wa chokaa."