Siku Niliyompa Mgeni Rasmi Namba Moja

Nitawasimulia, lakini chekeni mapema mmalize, maana kule mwisho kuna mahali nataka mnisifu na sitaki mnisifu huku mnafuta machozi. Sijui kama kuna mwingine hapa aliyewahi kumwambia mgeni rasmi, kwenye maikrofoni, mbele ya kanisa zima la Kariobangi, kwamba shida ni yeye. Mimi nilimwambia.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa mwalimu wa kompyuta wa kanisa letu (mwalimu pekee, fundi pekee, na mfagiaji pia, lakini beji ilisema Mwalimu Mwende). Chumba changu zamani kilikuwa cha ushonaji, na wazee wa kanisa walikuwa hawajaziamini kompyuta bado. Cherehani walizitoa nje wakazifunika turubai, wakaniambia waziwazi: siku ya ufunguzi kompyuta zikifanya kazi, chumba ni chako, zikigoma, cherehani zinarudi ndani jioni hiyo hiyo.

Sasa oneni nilivyojiponza. Kompyuta zikiunganishwa kwa waya, kila moja lazima iwe na namba yake, ndiyo anwani yake, ili zijue nani anaongea na nani, na namba hizo nilizigawa mimi kwa mkono, moja moja, kisha nikabandika karatasi yenye namba juu ya kila mashine. Wanafunzi walizijua hivyo, utasikia mtu anasema leo nakaa saba. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Barasa, mwenye hadiwea, duka la misumari na mabati, pale sokoni, na kwa kuwa mgeni rasmi haji mikono mitupu alileta kompyuta mpya, ikawekwa meza kuu juu ya kitambaa cheupe. Kwa mfuatano, namba ya mashine hiyo ilikuwa kumi na sita. Karatasi nilikuwa nimeshaibandika, mama yangu akapita na sufuria ya pilau (jikoni siku hiyo yeye ndiye alikuwa jemadari), akasimama akaitazama.

"Mwende, mzee wa watu unamweka nyuma ya watoto wa darasa?"

Jamani, nikaona haya. Mgeni rasmi hukaa mbele, hula kwanza, hupewa soda ya kwanza kufunguliwa, leo mimi nimpe kumi na sita? Nikachana ile karatasi, nikaandika moja kubwa kwa kalamu nyekundu, na kwa kuwa sipendi kazi nusunusu, nikaingia hata ndani ya mashine nikabadilisha anwani yenyewe ikawa moja. Nikajipongeza.

Kumbe namba moja ilikuwa na mwenyewe! Kompyuta kuu, ile iliyobeba masomo yote na kuendesha printa, ilikuwa stoo, imefungiwa, haina karatasi ya namba juu yake kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyeikalia. Namba moja niliipa mimi mwenyewe, nikaisahau.

Wakati ukafika. Kila mwanafunzi alikuwa ameandika salamu za shukrani, zitoke kwenye printa iliyo karibu na meza kuu, mzee apokee. Pasta akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, wanafunzi wakabonyeza. Printa haikutoa hata karatasi moja. Wakabonyeza tena.

"Ticha, hii kitu imekataa," Atieno akaniita kutoka nyuma, na sauti ya Atieno haijui kunong'ona.

Nikatikisa waya, nikazima nikawasha, nikalaumu umeme (taa zilikuwa zinawaka, watu wakaziangalia, wakaniangalia). Ndipo kwenye kompyuta ya Mzee Barasa ujumbe ukatokea, naye akadhani ni salamu zimefika, akavaa miwani akalisomea kanisa kwenye maikrofoni: kuna mwingine anayetumia anwani hii. Akanigeukia.

"Mwingine gani tena? Si niliambiwa mgeni rasmi ni mmoja?"

Hapo ndipo kichwa changu kiliamka: namba moja ziko mbili, yake na ya kompyuta kuu kule stoo, na salamu hazijui ziende wapi. Nikachomoa waya wa mashine yake, na printa ikaanza kutema karatasi. Nikaurudisha, ikanyamaza. Nikachomoa, ikatema. Nilifurahi kupata jibu hata nikasahau niko mbele ya nani, nikanyakua maikrofoni nikasema, "Nimepata! Mzee, shida ni wewe!"

Mama alikuwa mlangoni na mwiko, mkono mdomoni. Nikaanza kueleza kwa kigugumizi kwamba akikubali tu kuwa kumi na sita mambo yataisha.

"Binti," akasema, taratibu, "namba moja ulinipa mwenyewe, na watu wameona. Haishuki."

Sasa mnisifu hapa. Nikakimbia stoo, nikaipa kompyuta kuu namba kumi na sita, nikarudi nikapita mashine ya kila mwanafunzi kuielekeza kwa namba mpya, na siku hizo ukibadilisha kitu kama hicho sharti uzime uwashe, usubiri. Kwaya ya akina mama ikaimba mpaka nyimbo zikawaishia, wakarudia za kwanza, wazee wa kanisa wakiangalia turubai dirishani, jasho linanitiririka ndani ya suti niliyoazima. Nikasema, "Bonyezeni." Printa haikusimama hadi salamu ya mwisho, na Mzee Barasa alizisoma zote kwenye maikrofoni, hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Cherehani zilipelekwa chumba kingine. Ile namba moja ya Mzee Barasa ilifunikwa kitambaa cha kufuma, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na kazi yote ikaendelea kufanywa na kumi na sita huko stoo.

Jioni tukiosha masufuria mama akaniuliza, "Mwende, kweli ulimwambia mzee mzima yeye ndiye shida?"

"Ndiyo, mama."

"Na mashine zikafanya kazi?"

"Zote."

Akanipa sufuria nyingine nisugue. "Basi."

Tangu siku hiyo sijagawa namba kwa heshima. Nikiambiwa kuna mgeni rasmi, kwanza naenda kuangalia nani yuko jikoni na stoo akibeba kazi yote.