Swali Alilolingoja Dada Yangu

Nilisikia mchi kabla sijafika uani: du, du, du, nyuma ya ukuta wa mbao. Dada yangu mkubwa alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na majirani zake wa mtaa wa Katoyi, Goma, walikuwa wakimcheka. "Mama, majani yamekufa zamani, yasamehe!"

Kila mtu aliijua hasira yake. Alimpigia mumewe simu mara kumi kabla ya saa sita mchana. Alizusha ugomvi juu ya chumvi. Akishafoka, alinuna siku tatu. Hata mimi niliwahi kumtania kwamba angefaa kuwa kamanda. Leo naona haya.

Hakuna aliyetaka kujua ilianza lini. Mimi najua: ilianza tulipokwenda kumzika mama yetu kule Masisi. Mumewe alinunua sanduku zuri la kuzikia, akabaki Goma kazini, na dada aliporudi, mumewe hakumuuliza neno. Si siku ile, si mwaka mzima uliofuata.

Ndipo wazee wa ukoo wakaita kikao. Kwetu, mke aliyemfokea mumewe mbele za watu huleta kuku, hupiga magoti, huomba msamaha. Kuku alikwisha kufungwa miguu. Shangazi alimweka mapajani mwa dada.

"Mutoto wangu, unakosa nini?" shangazi akamuuliza. "Bwana yako halewi, hapigi. Makala ya kupikia iko, unga iko. Wenzako wanalilia mwanaume kama huyu!"

"Aniulize mama alikufa namna gani," dada akasema. "Aniulize leo, hapa hapa, nitapiga magoti."

Mjomba mmoja akacheka. Shemeji yangu aliinua macho kutoka kwenye simu, amechanganyikiwa kweli. "Lakini si nilinunua sanduku?"

Nilitamani kupiga kelele. Watu wazima saba, wote waliolelewa na wanawake, hawakuona kwamba mwanamke yule alikuwa na njaa, na kwamba njaa ile sisi ndio tulioiita tabia mbaya.

"Piga magoti, mama, tumalize," mzee mmoja akasema. "Bia inapata moto."

Dada alimrudisha kuku kwa shangazi, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani. Akavaa kandambili zake. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akimwachia nafasi ya kuuliza. Yeye akawatazama wazee.

Dada akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.