Finjani ya Pili

Wiki iliyopita mwanangu alirudi kutoka uwanjani akichechemea. Goti lilikuwa limevimba, naye alijitahidi kulificha chini ya kanzu, akidhani mama anaweza kufichwa goti. Nilimlaza kwenye kochi, nikaenda kabatini kutafuta chupa ya mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na kafuri, na nilipoifungua tu, nikakaa chini. Watu wengine utoto wao unanukia udi, au mkate wa kumimina uliotoka jikoni sasa hivi. Wangu unanukia mguu wa Baba.

Nyumba yetu ilikuwa Ibra, mji wa Oman, upande wa mashamba ya mitende, mahali ambapo ukinyamaza unasikia maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, yakipita nyuma ya ukuta. Kila siku baada ya alasiri Baba aliketi majlisi, chumba chetu cha wageni, akaunyoosha mguu wake wa kulia juu ya mto, akapandisha kanzu mpaka gotini na kuanza kuuchua. Mguu ule ulikuwa umepinda kidogo chini ya goti. Sisi watoto tulijua tusimsemeshe mpaka amalize.

Baba alizaliwa Unguja. Bibi, mama yake, alimleta Oman akiwa bado mtoto, hajui hata Kiarabu cha kuombea maji. Watoto wa mtaa walimcheka kila alipofungua mdomo, basi akaacha kuufungua. "Mwanangu alikuwa bubu mwaka mzima," Bibi alikuwa akitusimulia, "mpaka siku walipomweka golini." Alikuwa mrefu kuliko rika lake, na kumbe kipa hahitaji maneno mengi. Alidaka mipira, mtaa ukajua jina lake, Seif, na wale waliokuwa wakimcheka wakaanza kulitamka vizuri.

Mlinzi aliyecheza mbele yake alikuwa Hamed, kijana wa Ibra hasa, ambaye kwao hakuna aliyepata kuvuka bahari. Hamed alimfundisha Baba Kiarabu cha uwanjani, na Baba akamfundisha yeye neno moja la Kiswahili. Neno lenyewe lilikuwa "pole". Hamed alilipenda, kwa kuwa kwao, alisema, hapakuwa na neno fupi namna ile la kumwambia mtu aliyeumia. Akimkanyaga mtu alisema pole, akifungwa bao alisema pole. Baadaye akawa nahodha wa timu.

Halafu katika mechi moja, mimi sijazaliwa, ulikuja mpira wa juu. Baba alitoka golini kuufuata, Hamed akarudi nyuma kuufuata huohuo, wakagongana. Mguu wa Baba ukavunjika. Hospitali waliuunga, lakini haukuwa tena mguu wa kuchezea mpira. Wachezaji wenzake walikuja kumwona, na matunda yao na dua zao. Hamed hakuja. Siku ya kwanza aliogopa, na siku ya pili akaona haya kwa sababu hakuja ya kwanza, na nyinyi wenyewe mnajua haya ikishaanza inavyojizalia. Kwetu, kumtazama mgonjwa si jambo dogo. Mtu asiyekuja kukutazama kitandani, tena wewe ukiwa mwenzake wa kufa na kuzikana, hana uso wa kuja kunywa kahawa yako baadaye. Basi Hamed hakuingia nyumbani kwetu tena. Wakikutana sokoni, kila mmoja aliweka mkono kifuani, akasalimu huku anatazama viatu vya mwenzake.

Pengine haya yote yangepita kimya kama si desturi ya timu yetu. Mtoto wa mchezaji wa zamani hakwenda uwanjani kujaribiwa na watoto wengine. Akianza kuota ndevu, wazee wa timu walikuja kwao siku ya Ijumaa, wamevaa vilemba vyao vizuri, na sahani ya halwa mkononi, kumposa. Naam, kumposa, vilevile kama mwali. Waliketi majlisi, wakamiminiwa kahawa, na aliyekuwa nahodha wa baba wa kijana aliweka finjani yake chini bila kuigusa, kwa kuwa mgeni mwenye haja hanywi mpaka haja yake imesikilizwa. Kisha alisema, "Tuliacha shati katika nyumba hii. Tumekuja kuona nani atalivaa." Baba akiridhia alijibu, "Kunywa kahawa yako." Basi, kijana alikuwa wa timu.

Na nahodha wa baba yetu alikuwa Hamed.

Kaka yangu Khalfan alikuwa na umri huo, na hakuna kitu alichokitaka duniani zaidi ya shati lile. Alikuwa na nywele chache kidevuni, akizionyesha kwa kila aliyekuwa tayari kuzitazama, na mimi nilikuwa nikimwambia ni uchafu. Rafiki zake, mmoja baada ya mwingine, waliposwa. Kila Ijumaa alipiga pasi kanzu yake, akakaa karibu na mlango, na kila gari lililopunguza mwendo nje lilimfanya asimame. Jioni aliivua kanzu, akaitundika. Nilikuwa mtoto wa kuchokoza watu, lakini saa ile sikumchokoza.

Siku moja alijitia moyo, akamfuata Baba pale alipokuwa akichua mguu.

"Baba, niende tu uwanjani nikajaribiwe na wenzangu. Wiki ijayo wanafunga majaribio."

"Hujipeleki," Baba alisema. "Mtoto wa mchezaji anaombwa."

"Na wasipokuja?"

Baba alimimina mafuta mengine kiganjani, akaendelea kuchua. Khalfan alitoka nje, akaenda kukaa kando ya falaji, na mimi niliyemfuata nilimwona akilia. Tangu siku ile nilimchukia Hamed kwa moyo wangu wote.

Bibi hakusema kitu, na Bibi akinyamaza ujue ana jambo. Jumatano alinichukua tukaenda soko la wanawake. Siku hiyo wanaume hawaingii, hubaki nje kwenye magari wakingojea wake zao. Tulipokuwa tukitoka na mifuko yetu, Bibi alimwona Hamed ndani ya gari, kilemba kimelegea, anasinzia. Akanikabidhi mifuko, akaenda kugonga kioo kwa pete yake.

Hamed alishusha kioo. Alipoona ni nani, alishuka kabisa garini, akainama kumsalimu.

Kiarabu cha Bibi kilikuwa chake mwenyewe, nusu cha Unguja, lakini kilifika. "Weye Hamed," alimwambia, "mguu wa mwanangu ungali unauma. Kila siku anauchua."

 Hamed akasema taratibu, "Mama, nimechelewa sana."

"Umechelewa nini? Mgonjwa yupo, na ugonjwa upo. Hujachelewa."

Akachukua mifuko yake mkononi mwangu, tukaenda zetu. Njiani nilimuuliza kwa nini hakumwambia habari ya Khalfan. "Kila kitu na zamu yake," alinijibu, na hapo hapo akaniuliza kama nimeona bei ya vitunguu.

Ijumaa ile Khalfan hakupiga pasi kanzu. Alikuwa ameshakata tamaa. Basi gari liliposimama mlangoni, alikuwa amevaa fulana iliyotoboka. Alikimbia ndani kubadili, mimi nikakimbilia nyuma ya pazia la majlisi alipokuwa Bibi, naye Khalfan akaja kujibanza nasi huku anafunga vifungo.

Hamed aliingia peke yake. Hakukuwa na wazee wengine, wala halwa. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa na chupa ya asali, vitu anavyopelekewa mgonjwa. Nilimsikia Khalfan akishusha pumzi, nikajua ameelewa.

Baba alikuwa ameunyoosha mguu juu ya mto kama kawaida. Alitaka kuinuka, Hamed akamzuia kwa mkono. Akaketi chini, karibu na ule mguu, si mahali pa mgeni, akayaweka machungwa mbele yake.

"Pole, Seif," alisema kwa Kiswahili. "Pole mguu."

 Baba alichukua dele la kahawa, akammiminia mwenyewe. Hamed akaipokea na kuiweka chini bila kuigusa.

"Nina haja."

"Sema."

"Unisamehe."

Wenzangu, mimi nimekaa kwenye vikao vingi tangu siku ile, vya posa na vya matanga, na sijapata kusikia haja fupi kama ile. Harufu ya mafuta ya karafuu na harufu ya iliki ndani ya kahawa zilikuwa pamoja chumbani. Nje maji ya falaji yalipita. Baba aliitazama ile finjani mpaka mvuke wake ukakatika.

"Kunywa kahawa yako," akasema. "Inapoa."

Hamed alikunywa. Machozi yalimshuka mpaka ndevuni, wala hakuyafuta. Alipomaliza aliitikisa finjani, akaitua, akaanza kutafuta bakora yake ainuke. Nyuma ya pazia Khalfan alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Mtu anaondoka. Amekuja, amekunywa, anaondoka, na habari ya shati haikutajwa.

Sasa, mgeni akishatikisa finjani, amemaliza. Humimini tena. Hata mtoto mdogo Oman analijua hilo, na Baba, aliyechekwa utoto wake wote kwa kutojua mambo ya watu wa huku, alikuwa mwangalifu wa adabu hizi kuliko wenyeji. Alichukua dele, akamimina kahawa ndani ya finjani iliyokwisha tikiswa.

Hamed alimtazama. "Nimetikisa, Seif."

"Nimeona."

"Sasa hii ya nini?"

"Hii ni ya haja yako ya pili."

Hamed aliiacha bakora. "Sikuwa na uso wa kuomba mawili siku moja," alisema. Akaisukuma ile finjani mbele kidogo, akajiweka sawa, akarekebisha kilemba, kisha akasema kwa sauti iliyokuwa ikikatika katikati, "Tuliacha shati katika nyumba hii. Nimekuja kuona nani atalivaa."

Baba alicheka, na kicheko chake kilikuwa na kilio ndani yake. "Khalfan!" aliita. "Toka nyuma ya pazia, njoo umsalimu ami yako." Kisha akamgeukia Hamed. "Kunywa."

Ningependa kuwaambia kwamba Khalfan aligeuka kipa mkubwa. Hakugeuka. Mipira ilimpita juu, ikampita chini, na baada ya misimu miwili aliondoka kwenda kusoma. Siku hizi anafanya kazi Sur, na mpira anautazama kwenye televisheni na kuwafokea makipa wa watu. Kwa miaka mingi nilijiuliza kama mambo yote yale yalistahili, kwa shati lililovaliwa muda mfupi hivyo. Niliona tu kwamba tangu siku ile Baba alianza kwenda uwanjani kila Ijumaa, na kwamba pembeni mwa kiti chake kulikuwa na cha Hamed. Niliona pia kwamba Hamed ndiye aliyekuwa akimfungulia chupa ya mafuta. Mimi bado sikumpenda. Nilikuwa nimekulia kwenye harufu ya mguu ule, na hakuna aliyeniuliza kama nimesamehe.

Baba alipofariki, Bibi alikuwa ameshatangulia. Matanga yalipokwisha Hamed alikuja nyumbani kwangu, amezeeka, anashikwa mkono kuingia. Mume wangu, mtu wa Nizwa ambaye hajapiga mpira maishani mwake, alimkaribisha. Nilimletea kahawa. Akaipokea, akaiweka chini. Lakini hakuiweka mbele ya mume wangu. Aliiweka mbele yangu.

Mwanangu, huyuhuyu wa goti, aliyeitwa Seif kwa jina la babu yake, alikuwa akicheza na kofia sakafuni. Bado hata hakuwa na meno yote.

"Najua desturi ni kwa watoto wa kiume wa mchezaji," Hamed alisema. "Huyu ni wa binti. Na najua bado mdogo. Lakini mimi sitangoja tena. Tuliacha shati katika nyumba yenu."

Mume wangu alinitazama mimi. Finjani ilikuwa inatoa mvuke.

"Kunywa kahawa yako, ami Hamed," nilisema.

Neno liliponitoka, kitu kilinishuka kifuani ambacho nilikuwa nimekibeba tangu utotoni, nami nikalia mbele ya mgeni. Miaka yote ile nilidhani Baba alikuwa akingoja kuombwa mtoto. Kumbe msamaha ulikuwa tayari siku nyingi, ameukalia peke yake kama mtu aliyepika na hana mgeni, na kilichomuuma zaidi ya mguu ni kukosa wa kumpa.

Hamed alikunywa mpaka tone la mwisho. Hakuitikisa finjani. Alininyooshea, nami nikammiminia tena.